Mdundo Uanzie Mwilini: Michezo ya Likizo ya Kumfunza Mtoto Mdogo Mapigo ya Muziki

Shule zinapofungwa hapa Mombasa, iwe Aprili, Agosti au ile likizo ndefu ya Novemba na Disemba, wazazi huja na swali moja: "Mwalimu, nimnunulie mtoto ngoma gani ili aanze muziki?" Jibu langu halibadiliki: usinunue kitu kwanza. Mtoto wa miaka mitatu hadi minane huushika mdundo kwa miguu, viganja na ulimi wake. Ala huja mwisho, na ikija hukuta mwili umeshajua la kufanya. Aliyepewa ngoma siku ya kwanza huipiga kwa nguvu zake zote, nyumba nzima ikakosa utulivu, na siku chache baadaye ngoma iko juu ya kabati. Aliyeanza na mwili wake, hata akipewa kifuu kitupu cha nazi, hukipiga pahala pake.

Walimu wakubwa wa muziki wa watoto walifika hapo hapo. Carl Orff wa Ujerumani (1895–1982) alitanguliza maneno, miguu na makofi kabla ya ala. Zoltán Kodály wa Hungaria (1882–1967) alishikilia kwamba mtoto aanze na nyimbo za lugha ya mama yake. Sisi wa pwani tumejaliwa yote mawili. Maneno ya Kiswahili yanahesabika kwa makofi bila taabu, na mapigo yako jikoni, sokoni na harusini kila siku. Kazi ya mzazi ni kuyageuza yawe mchezo.

Michezo ninayoieleza hapa inafuatana. Ukiwa na likizo ya wiki tatu, kaa na kila hatua siku mbili tatu, na usiende mbele mpaka watoto waombe mchezo wenyewe. Huhitaji kujua kusoma noti.

Kabla ya kuanza

Wakati una maana kubwa katika mji huu. Disemba ni kaskazi, jua kali na jasho, kwa hivyo chezeni asubuhi kabla ya saa tatu au baada ya alasiri. Aprili mvua ya masika huwaweka watoto ndani. Sukuma viti ukutani, tandika mkeka. Agosti upepo wa kusi umepoza hewa, ndio msimu wa kutoka uwanjani au kwenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekuwa mgumu. Mnaokaa kwenye ghorofa za Tudor, Majengo au Kizingo, mwambieni jirani wa chini mapema. Na adhana ikiadhiniwa, mchezo unasimama. Watoto huzoea upesi.

Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne dakika kumi zinatosha. Wa miaka sita na kuendelea anaweza kwenda dakika ishirini au ishirini na tano. Acheni wakiwa bado wanataka. Dakika kumi kila siku zina faida kuliko saa nzima ya Jumamosi, maana mwili hujifunza kwa kurudia.

Jambo la tatu ni mwendo. Mtu mzima akipiga makofi kwa starehe yake huenda taratibu kuliko mtoto. Mtoto mdogo miguu yake ni mifupi, na mwendo unaomkaa vizuri ni wa haraka kidogo, kama mapigo 120 kwa dakika au zaidi, yaani mawili kwa kila sekunde. Ukimpigia polepole utadhani hajui, kumbe umemlazimisha angoje asipoweza kungoja. Mwangalie anavyotembea peke yake chumbani, upige makofi kufuata hatua zake. Huo ndio mwendo wa kuanzia. Atakapoumudu, ndipo umwite pole pole kwenye mwendo wako.

La mwisho katika haya: cheza naye. Usimwekee simu ipige mdundo, wewe ukaenda zako. Mwaka 2009 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walichapisha utafiti waliowapigisha ngoma watoto wa miaka miwili na nusu hadi minne na nusu, wakaona watoto waliushika mdundo vizuri zaidi walipopiga pamoja na mtu kuliko walipopiga na mashine au sauti ya spika. Mtoto anakusoma mabega, macho na pumzi, na humo ndimo anamoupata mdundo.

Hatua ya kwanza: Kukuna nazi

Kitu cha mwanzo kabisa ni pigo, lile lisilobadilika linalotembea chini ya wimbo wote. Mtoto akilikosa hili, yote yanayofuata yatayumba. Sijaona mchezo unaolifunza vizuri kuliko kukuna nazi, kwa sababu mkono wa anayekuna haukimbii wala haulali.

Kaeni chini kwa duara, kila mmoja amekunja miguu kana kwamba amekalia mbuzi ya kukunia. Mkono mmoja ushike nazi ya kuwazia, mwingine uusukume mbele na nyuma. Mtu mzima aanze kukuna kimya, watoto wafuate. Wakishakuwa pamoja, anza kuimba au kutamka tu kibwagizo hiki, msukumo mmoja kwa kila silabi mbili:

Kuna nazi, kuna nazi,
Tui zito la mchuzi.
Kuna mbele, kuna nyuma,
Chicha tupa, tui chuja.

Kila mstari una misukumo minne. Rudieni mara tano sita bila kusimama. Siku ya pili, badilisheni kazi lakini pigo libaki lile lile: kutwanga kwenye kinu, kupiga chapo kwa kiganja, kupiga makasia, kufua nguo. Nyanya akiwa yuko nyumbani, mwombe akune nazi ya kweli watoto wakimfuata kwa makofi. Huo ndio mdundo wa kweli, na mchuzi wa jioni unapatikana hapo hapo.

Utajuaje kwamba pigo limeingia? Acha wewe kuimba katikati ya mstari, endelea kukuna tu. Wakiendelea kuimba pamoja nawe bila kukimbia, limeingia.

Hatua ya pili: Majina yetu yana makofi mangapi

Kila mtoto hupenda jina lake, basi tulitumie. Wakae duara, kila mmoja aseme jina lake huku akipiga kofi moja kwa kila silabi, kisha wote warudie mara mbili. Juma makofi mawili. Kadzo mawili. Amina matatu. Rehema matatu. Mwanaisha manne: Mwa-na-i-sha. Pigo la kukuna nazi liendelee mapajani mwa mtu mzima, jina moja likifuata jingine bila pengo refu.

Hapa kuna jambo ambalo watu wazima wengi hulipita. Katika Kiswahili, m peke yake inaweza kuwa silabi. Mtoto ni makofi matatu, m-to-to. Mkate ni matatu, mchuzi ni matatu. Lakini mbuzi ni mawili tu, mbu-zi, kwa sababu m hapo imeshikana na b. Watoto waliokulia kwenye lugha hulisikia hili bila kufundishwa. Ukimsahihisha mtoto aliyepiga m-to-to mara tatu, umemharibia sikio lililokuwa sawa. Mwache apige anavyosikia, nawe usikilize.

Wakishamaliza majina, wapangeni: wenye makofi mawili ukuta huu, wenye matatu ule, wenye manne mlangoni. Mtu mzima apige makofi bila kusema kitu, na kundi lililoitwa liruke. Watoto wa miaka mitatu hufurahia kuruka tu, na hilo si kosa. Wa miaka mitano huanza kubishana nani yuko kundi gani, na huo ubishi ndio masikio yakifanya kazi.

Hatua ya tatu: Feri ya Likoni

Kimya ni sehemu ya muziki, na ndicho kitu kigumu kuliko vyote kwa mtoto mdogo. Mchezo huu ni wa kufunza kimya.

Mkeka ni feri. Upande wa pili wa chumba ni Likoni. Mtu mzima ni nahodha, anapiga pigo kwenye paja au nyuma ya sufuria. Likipigwa, abiria wanatembea kuelekea kwenye feri, hatua moja kwa kila pigo. Likisimama, kila mtu anaganda pale pale hata kama mguu uko juu. Anayesogea anarudi mwanzo wa foleni. Feri ikijaa nahodha anapiga honi, wote wanayumba kulia na kushoto kwa pigo moja mpaka ng'ambo.

Mchezeni hivyo siku ya kwanza. Siku inayofuata ongeza jambo ambalo ndilo kiini chenyewe: nahodha apige mapigo manne kwa sauti, kisha manne kimya, akigusa kichwa chake kwa kidole bila kutoa sauti. Abiria watembee hatua nne, wagande mapigo manne wakihesabu moyoni, kisha waondoke wote pamoja pigo linaporudi. Mara ya kwanza nusu yao wataondoka mapema. Usiseme wamekosea, rudia tu. Siku watakayoondoka pamoja, mguu mmoja kama wa askari wa gwaride, utawaona wanatazamana na kucheka, kwa sababu wamesikia kitu ambacho hakikupigwa. Baadaye ondoa hata kile kidole kichwani.

Wa chini ya miaka mitano waishie kwenye kuganda. Ile ya kuhesabu moyoni itakuja.

Hatua ya nne: Sahani nne

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi na watoto, na naomba nawe usipaharakishe. Mpaka sasa wamejua pigo, silabi na kimya. Sahani nne zinaviweka pamoja, na bila wao kujua zinawafunza kusoma muziki.

Kata karatasi ngumu duara kumi na mbili za ukubwa wa sahani ndogo. Maboksi ya zamani yanafaa. Kwenye nne chora wali. Kwenye nne chora kachumbari, nyanya na vitunguu vya rangi. Nne zilizobaki ziache tupu. Watoto wachore wenyewe, ni kazi ya asubuhi nzima ya mvua.

Sasa kanuni. Kila sahani ina mapigo mawili. Wali ni silabi mbili, basi kila silabi inachukua pigo zima: WA, LI. Kachumbari ni silabi nne katika mapigo yale yale mawili, basi zinakwenda mbili mbili, upesi: KA-chu, MBA-ri. Sahani tupu ni mapigo mawili ya kimya, viganja vimefunguliwa kama mtu anayeonyesha hana kitu.

Panga sahani nne kwa mstari, kushoto kwenda kulia. Mtu mzima aweke pigo kwa mguu, kisha aelekeze kwa mwiko sahani moja baada ya nyingine, watoto wakitamka na kupiga makofi. Anza na: wali, wali, kachumbari, wali. Rudieni mpaka ulimi umelainika. Kisha: kachumbari, kachumbari, wali, tupu. Kisha weka tupu katikati, ambapo ni pagumu zaidi: wali, tupu, kachumbari, wali. Tupu ya mwanzoni ni ngumu kuliko zote, iache kwa wiki ya mwisho.

Wakishazoea, wape watoto mamlaka ya kupanga. Mmoja ni mpishi, anaandaa sahani nne anavyotaka, na wengine lazima "wale" alichoandaa. Kila mtoto apate zamu ya upishi, hata yule mkimya, hasa yule mkimya. Mara nyingi yeye ndiye anayepanga mdundo ambao hakuna mtu mzima angeufikiria.

Hatua inayofuata ni kuondoa maneno. Semeni mstari mara moja kwa sauti, mara moja kwa kunong'ona, mara moja midomo ikichezacheza bila sauti huku makofi yakiendelea, na mwisho makofi matupu. Kila mtu anaendelea kuusikia wali na kachumbari ndani yake. Baada ya hapo geuza sahani moja ikae kifudifudi, wakumbuke ilikuwa nini. Kisha mbili. Watoto wa miaka sita hufika mpaka zote nne zimegeuzwa nao wanapiga mstari mzima kwa kumbukumbu.

Mtoto akifanya haya ameshasoma muziki. Siku mwalimu wa shule atakapomwonyesha noti ya pigo moja, mbili za nusu pigo na alama ya kimya, atakuta ni wali, kachumbari na sahani tupu zilizobadilishwa nguo.

Ukitaka vyakula vingine, pima kwanza silabi zake na mahali mkazo unapoangukia. Nazi, ndizi na tui zinakaa kama wali. Biriani na kaimati zinakaa kama kachumbari. Maneno ya silabi tatu kama mabuyu, muhogo na madafu yaweke kando. Kazi yao inakuja.

Hatua ya tano: Vikombe vya kahawa

Aliyewahi kupita Mji wa Kale jioni anajua namna muuza kahawa anavyovigonganisha vikombe vyake mkononi, dele, lile birika la shaba, mkono wa pili, na watu barazani wanajua amefika kabla hawajamwona. Mchezo wetu unatoka kwake.

Kila mtoto ashike vikombe viwili vya plastiki, au apige viganja tu. Muuza kahawa apige mapigo manne kwa mpango fulani, wateja wajibu hapo hapo vile vile, bila kungoja. Kutongoja ndiko kwenyewe: jibu lianze kwenye pigo linalofuata mara tu swali linapokwisha. Anza na makofi manne mfululizo. Kisha kofi, kofi, paja, paja. Kisha kofi, kofi, kimya, kanyaga. Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mwili una sauti nyingi za kutosha: viganja vilivyokunjwa hutoa sauti nzito, vidole viwili kwenye kiganja hutoa nyepesi, kifua, paja, mguu, ulimi.

Baada ya siku mbili, muuza kahawa awe mtoto. Kisha badilisheni kanuni: jibu lisifanane na swali. Anayejibu atunge lake, lakini lidumu mapigo manne tu. Hapa watoto huanza kutunga, na mtu mzima akae kimya, asisifu hili kuliko lile.

Mkimaliza, fanyeni maji kujaa na maji kupwa: mdundo ule ule uanze kwa kugusa kwa kidole kimoja, upande mpaka makofi makubwa ya bamvua, kisha ushuke tena mpaka kidole. Mwendo usibadilike. Watoto wote hukimbia wanapopiga kwa nguvu na huzembea wanapopiga taratibu, na mchezo huu unawafunza kutenganisha mambo hayo mawili.

Hatua ya sita: Mabuyu, na mdundo wa kwetu

Vitabu vingi vya watoto huishia kwenye mapigo ya mbili na nne, mwendo wa gwaride. Kwa mtoto wa Mombasa hilo halitoshi. Chakacha inayochezwa harusini inakwenda kwa tatu tatu, sita katika duara moja, na mtoto wa hapa ameisikia akiwa bado amebebwa. Ni urithi wake. Nasema kwa moyo wote: usimwache akue akidhani muziki unaofundishwa ni ule tu wa hesabu ya nne.

Sema "mabuyu, mabuyu, mabuyu" mfululizo bila kupumzika. Utasikia mkazo unaangukia BU kila mara: ma-BU-yu-ma-BU-yu. Hiyo ndiyo tatu, lugha yenyewe imeitoa. Watoto wakae, mwili uyumbe, BU ya kwanza kulia, BU ya pili kushoto. Wakishayumba vizuri, kofi kwenye BU, kugusa paja kwenye yu na kwenye ma: kofi, paja, paja; kofi, paja, paja. Wa miaka minne wayumbe tu, inatosha sana. Funga leso kiunoni kwa anayetaka, wasimame, hatua moja kwa kila BU.

Wa miaka saba na zaidi, pamoja na mama na shangazi zao, wanaweza kwenda kwenye siri ya ngoma za pwani. Gaweni makundi mawili. Kundi la kwanza lipige kofi kwenye kila BU. Kundi la pili lipige kofi kila baada ya silabi mbili: kwenye BU, kisha ma inayofuata, kisha yu inayofuata, BU yu MA bu YU ma. Kundi la kwanza litakuwa limepiga mara mbili na la pili mara tatu, na wote wanakutana tena kwenye BU ya kuanzia. Fundisha kila kundi peke yake mpaka lisitetereke, ndipo uwakutanishe, polepole sana. Wakivurugana, rudini kusema maneno. Ngoma kama chapuo na vumi zinapopokezana harusini, watu wakashindwa kukaa vitini, ni kupishana kwa namna hii kunakowainua.

Kwa wakubwa kidogo: mstari wa mizani 8

Mombasa ni mji wa mshairi Muyaka bin Haji, na ushairi wa Kiswahili unapimwa kwa mizani, yaani kuhesabu silabi. Kipande cha mizani 8 kinaingia sawasawa katika mapigo manne, kama kile cha kukuna nazi. Mwambie mtoto wa miaka saba atunge mstari mmoja wa mizani 8 juu ya siku yake, aupige makofi, na mwenzake amjibu kwa mwingine. "Leo tumekula embe" ina nane. "Nimeogelea baharini" ina kumi, imezidi mbili, apunguze. Atajifunza hesabu, lugha na mdundo kwa pamoja, na ukimpa daftari atajaza kurasa.

Sasa ala

Zimebaki siku chache likizo iishe, na ala sasa zinaruhusiwa. Zote zitoke nyumbani.

Vifuu viwili vya nazi, vikisuguliwa kwa msasa mpaka visichome, ndivyo ala bora ya mtoto kwa maoni yangu: sauti safi, vinakaa viganjani, na hakuna namna mbaya ya kuvishika. Chupa ya maji ya nusu lita yenye vijiko viwili vya mchele au dengu ni kayamba ya haraka. Usiijaze, mbegu zinahitaji nafasi ya kukimbia. Ndoo ya lita 20 iliyopinduliwa ni ngoma, ipigwe kwa viganja, miti isikaribie. Vifuniko vya soda vilivyogongwa bapa na mtu mzima, vikatobolewa na kutungwa kwenye lastiki, ni njuga za miguuni.

Maonyo mawili, tafadhali yazingatie. Funga kizibo cha chupa kwa gundi kisha uzungushie selotepu, na mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachwe nayo peke yake, maana punje humkaba. La pili ni zito zaidi: kayamba za asili, zile bapa za matete zinazotikiswa kwenye ngoma za Wamijikenda, mara nyingine hutiwa turituri, mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Mbegu hizo zikitafunwa ni sumu kali inayoweza kuua. Usizitie kabisa kwenye kitu cha kuchezea mtoto, na ukiziona zimeanguka uani, ziokote uzitupe.

Kuhusu kelele, kipimo ni rahisi. Ikiwa unalazimika kupaza sauti ili aliye umbali wa mkono akusikie, ni kubwa mno kwa masikio ya watoto. Punguzeni au tokeni nje.

Michezo yenyewe haibadiliki. Kachumbari ni ya vifuu, wali ni wa ndoo, njuga zinakwenda na BU. Mpe kila mtoto ala moja kwa mstari mmoja, kisha wapokezane kulia, ili asitokee mwenye ngoma siku nzima. Na kama nyumba yenu haiingizi ala kwa sababu ya dini, hakuna mlichokosa: hatua zote sita zinatosha kwa sauti na viganja.

Siku ya mwisho waalikeni babu, nyanya na majirani wawili watatu, iwe mkesha wa Krismasi au siku ya pili ya Idi. Watoto wapange sahani nne barazani, wageni wazisome kwa makofi, na mtoto mdogo kuliko wote awe ndiye anayeelekeza kwa mwiko.

Mtoto asiyeshika mdundo

Yuko kila mahali, na mzazi wake huwa ameshakata tamaa kabla yangu. Kwanza badilisha mwendo, ukimbie kidogo; wengi hutengemaa hapo hapo. Kisha badilisha kiungo: kuna watoto ambao makofi yao yanatawanyika lakini miguu yao inatembea sawa kabisa na wimbo. Waache watembee, makofi yatafuata. Ikiwa bado, kaa nyuma yake, mpakate, mshike mikono mpige pamoja, ili alipate pigo kwa mgongo na kifua chako. Usimtoe mbele ya wenzake apige peke yake, na usimkataze kupiga. Kama hageuki unapomwita kwa nyuma, au hashtuki sauti kubwa inapotokea ghafla, mpeleke akapimwe masikio, kwa sababu hapo huenda shida si mdundo.

Kwa mtoto wa miaka mitatu, kutoshika ni kawaida. Endelea kukuna nazi naye mpaka likizo ijayo, ujaribu sahani tena.